Wanafunzi 11 na mfuko mtupu: je, kufundisha muziki kunaweza kunilisha?

*"Mwalimu, hujambo. Naishi Walukuba, Jinja. Mchana nafundisha P.4, yaani darasa la nne la msingi, katika shule ya binafsi kwa mshahara wa 450,000 kwa mwezi. Jioni na Jumamosi nafundisha watoto kinanda na gitaa. Nilianza na watoto wa kwaya yetu, sasa wamefika 11, na watatu kati yao wako P.7. Wengine huja kanisani, ambako natumia kinanda cha kanisa. Wengine nawafuata nyumbani, hata Njeru ng'ambo ya mto. Natoza 20,000 kwa somo. Kazi hii naipenda kuliko kazi yoyote, lakini pesa siioni. Muhula uliopita niliandika kwenye daftari: kama kila mtoto angekuja kila wiki kwa wiki 12, yangekuwa masomo 132. Yaliyofanyika na kulipwa ni 81. Rafiki yangu anasema nishushe bei hadi 10,000 ili wajae. Mume wangu anasema nikodi chumba mjini na kuweka bango, ndipo watu wataniheshimu. Mchungaji aliwahi kusema mimbarini kwamba kipaji cha Mungu hakiuzwi, na tangu siku hiyo naona haya kudai. Cheti cha muziki sina. Nataka kuacha shule Desemba nifanye muziki tu. Nishushe bei, nikodi chumba, au nimepotea njia tangu mwanzo?"*

Dada yangu, kabla ya yote, hongera kwa hilo daftari. Nimefundisha kinanda na gitaa Kampala kwa miaka 22, na nimekaa na walimu wengi wa muziki wanaolia njaa. Ukiwauliza muhula uliopita walifundisha masomo mangapi, wanatazama dari. Wewe umekuja na hesabu, na hesabu imeshajibu nusu ya swali lako. Katika 132 toa 81, yanabaki 51. Zidisha kwa 20,000, unapata shilingi 1,020,000. Hiyo ni zaidi ya mishahara yako miwili, na imepotea bila kumpoteza mwanafunzi hata mmoja. Watoto wako wote 11 wapo, wanakupenda, wazazi wao wanakusalimia kanisani. Kwa hiyo tusianze na bei, wala tusianze na bango.

Rafiki yako ana nia njema, ila hesabu inamkataa. Ukitoza 10,000, ili upate zile 1,620,000 ulizopata muhula uliopita itabidi ufundishe masomo 162. Utayaweka wapi? Watoto wanatoka shule saa kumi na moja, saa moja giza limeingia, na Jumamosi katika wiki ni moja tu. Muuza nyanya pale sokoni akishusha bei anamaliza fungu lake mapema, anakwenda kuleta lingine. Wewe huna pa kwenda kuleta jioni nyingine.

Shida iko katika namna unavyouza. Unauza somo mojamoja, na mzazi anayelipa somo mojamoja huamua upya kila Jumamosi asubuhi kama mtoto aende au abaki. Mvua ikinyesha, anaamua. Wageni wakitoka kijijini, anaamua. Majaribio ya shule yakikaribia, anaamua. Wala si mtu mbaya. Kwake yeye, mtoto akibaki nyumbani ameokoa 20,000, basi kosa liko wapi? Kwako, ile saa nne ya Jumamosi imeshakwenda. Huwezi kuifungia kabatini uiuze Jumatatu, na hukuweza kumpa mtoto mwingine kwa sababu ilikuwa na mwenyewe. Mvua zote za Jinja, malaria zote na harusi zote za ukoo unazilipia wewe peke yako.

Sasa itazame shule unayofundisha mchana. Mtoto wa P.4 akilala na homa wiki nzima, baba yake huja ofisini kudai arudishiwe karo ya wiki? Hilo hata halimpiti kichwani. Amelipia nafasi ya mtoto wake darasani, na nafasi hiyo inamngoja, awepo asiwepo. Wazazi wetu wanaufahamu utaratibu huu tangu wao wenyewe walipokuwa wakivaa kaptula za shule. Nakushauri uuze nafasi, kwa muhula mzima, na pesa itangulie.

Kwa hali uliyonieleza ningepanga hivi. Muhula una wiki 12. Ahidi masomo 10, wiki moja ya kufidia na wiki moja ya onyesho. Karo iwe 220,000, ilipwe kwa mafungu mawili: 110,000 kabla ya somo la kwanza, 110,000 kabla ya somo la sita. Mtoto akikosa bila taarifa, somo limepita. Mzazi akitoa taarifa siku moja kabla, mtoto anaingia Jumamosi ya kufidia, ambapo unawakusanya wote waliokosa na kuwafundisha pamoja. Ukikosa wewe, unadaiwa somo, na hapo hakuna mjadala. Yaandike haya kwenye karatasi moja, upande mmoja, kwa lugha anayoisoma mzazi, iwe Kiswahili, Lusoga au Kiingereza. Aweke sahihi, naye abaki na nakala. Pesa zije kwenye namba ya simu ambayo hununulii vitunguu, na unapoweza, lipa gharama za kazi moja kwa moja kutoka namba hiyo. Kila unapotoa pesa kwa wakala unakatwa ada yake na ushuru wa serikali wa asilimia 0.5 juu.

Mtu mmoja au wawili wataondoka, jiandae kwa hilo. Nilipotoa karatasi yangu ya kwanza nilikuwa na wanafunzi 14, wakaondoka watatu, nikakosa usingizi wiki mbili. Mwisho wa muhula wale 11 waliobaki walikuwa wameniingizia zaidi ya walivyowahi kuniingizia wote 14. Aliyekuwa msumbufu kuliko wote, mama mmoja aliyelipa "kesho" kwa mwaka mzima, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta fungu la kwanza. Nilimuuliza mbona. Akaniambia, "Mwalimu, hukuwahi kuniambia ni lini."

Hilo linanipeleka kwa mchungaji wako. Kupiga kinanda ibadani Jumapili ni sadaka yako, na iendelee kuwa sadaka. Kukaa na mtoto wa miaka saba dakika 45 ukimrekebisha kidole cha nne kwa mara ya thelathini, hiyo ni kazi. Fundi aliyejenga ukuta wa kanisa lenu naye alikuwa na kipaji, na alilipwa. Lakini usimpuuze mchungaji, maana ndani ya maneno yake huenda mna lalamiko la haki ambalo hakulisema waziwazi: unaingiza pesa kwa kinanda cha kanisa, ndani ya chumba cha kanisa, kwa umeme wa kanisa. Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, ikiisha katikati ya wiki, nani anaijaza? Nenda ukae naye pamoja na kamati, ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu. Toa kiasi cha kila muhula kwa ajili ya chumba na umeme, kiandikwe. Toa pia nafasi moja au mbili za bure kwa watoto wa kwaya wasio na uwezo, zenye majina, zijulikane. Wema wa namna hiyo utaumudu. Usioumudu ni wema wa kumsamehe kila mtu kidogo kidogo bila kujua umesamehe kiasi gani, na muhula uliopita ulifika shilingi milioni moja na ushee.

Njeru sasa. Kutoka Walukuba, kuvuka daraja na kurudi kwa bodaboda, tuseme ni 8,000. Zimebaki 12,000, na ukichanganya safari na somo umetumia saa mbili. Yaani unafanya kazi kwa 6,000 kwa saa, pengine chini ya yule wa bodaboda. Aidha mtoto avuke daraja aje kwako, au karo ya nyumbani ibebe usafiri na muda, au utafute familia tatu za Njeru zilizo karibu karibu uzifundishe mchana mmoja. Na hata mzazi akilipa vizuri, usikubali kufundisha mtoto wa mtu ndani ya nyumba wasimo watu wazima wengine. Mlango uwe wazi. Hilo linamlinda mtoto, na wewe pia.

Kuna jambo hukuliuliza lakini liko ndani ya zile 51: kwa nini mtoto aliyeanza kwa kelele za furaha huanza kuumwa tumbo kila Jumamosi baada ya miezi mitatu minne? Mara nyingi ni kwa sababu nyumbani hana chombo. Anacheza dakika 45 kwa wiki, anasahau siku sita, anarudi mwanzo. Mzazi naye haoni tofauti. Mzazi asiye mwanamuziki hajui kama vidole vimekaa vizuri, anachojua ni kama amesikia wimbo anaoufahamu. Kwa hiyo ndani ya wiki sita za kwanza kila mtoto awe na wimbo mmoja kamili ambao baba yake anaweza kuuimba. Mimi hupenda wimbo wa taifa, ule alioutunga George Wilberforce Kakoma kwa ajili ya uhuru wa 1962. Ni mfupi, hakuna mzazi asiyeujua, na mtoto akikosea noti moja nyumba nzima inamrekebisha. Umepata walimu wasaidizi bila mshahara.

Kuhusu chombo cha nyumbani, wazazi watakuuliza wanunue kipi. Wazuie kununua vile vinanda vya kuchezea vyenye funguo nyembamba. Mkono wa mtoto unazoea umbali usio wa kweli, kisha unalazimika kumfundisha upya. Kilichotumika chenye funguo 61 za ukubwa wa kawaida, zinazotoa sauti kubwa ukibonyeza kwa nguvu na ndogo ukigusa taratibu, kinatosha kwa miaka miwili. Wasisahau kukagua adapta. Geuza kinanda uone volti zilizoandikwa karibu na tundu la umeme, na kile kimchoro chenye duara na alama za chanya na hasi, kisha linganisha na kilichochapwa kwenye adapta. Nimeona vinanda vizima vikiuawa na adapta ya redio iliyoingia vizuri kabisa kwenye tundu lakini chanya na hasi zimegeuka. Kwa asiye na uwezo wa kununua, tenga saa mbili za katikati ya wiki watoto waje kanisani wafanye mazoezi kwa zamu, dakika 20 kila mmoja, wewe ukisahihisha madaftari yako ya P.4 pembeni.

Mume wako na chumba cha mjini. Tuchukue kodi ya 250,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni tatu, kwa muhula ni milioni moja. Gawa kwa karo ya 220,000: karibu wanafunzi watano unawafundisha kwa ajili ya mwenye nyumba tu. Mwenye nyumba naye ataka miezi mitatu mbele, na Januari, wakati watoto wako wako kijijini kwa bibi, bado atagonga mlango. Bango halimleti mzazi kwa mwalimu wa muziki kama anavyoletwa na mtoto wa jirani aliyecheza vizuri. Kabla ya kukodi, zunguka shule za chekechea za mtaani kwako. Vyumba vyake vinakaa bure kila mchana, viti vya watoto vimo, choo kimo, uzio upo. Mwenye shule huwa na furaha kupata 150,000 kwa muhula na wazazi wanaoingia getini mwake. Ukifika wanafunzi 25, na wengine unawakataa kwa kukosa nafasi, hapo tuzungumze tena habari za kukodi.

Sasa niseme juu ya kitu ambacho walimu wa kinanda hukidharau, na mimi nilikidharau miaka kumi. Kinanda ni chombo cha mtu mmoja. Watoto wanne kwenye kinanda kimoja ni watoto watatu wanaosubiri na mmoja anayesukumwa. Lakini amadinda ya Buganda, marimba ya mbao yenye vibao 12, imetengenezwa ichezwe na watu watatu. Omunazi anaanza na sauti zake. Omwawuzi, aliyekaa upande wa pili akimtazama, anaingiza zake katikati ya kila pigo. Omukoonezi anashika vibao viwili vya juu kabisa. Hakuna anayesubiri. Mmoja akilegea, wimbo wote unaanguka, kwa hiyo watoto wanakemeana wenyewe. Chombo kimoja, karo tatu, na umeme ukikatika hamjui hata kama umekatika. Hapo Busoga mna embaire, marimba yenu wenyewe, ambayo nayo huchezwa na watu kadhaa kwa pamoja. Adungu za West Nile, vile vinubi vya nyuzi, hutengenezwa kwa ukubwa mbalimbali ili zipigwe kundi zima. Ukipata mzee anayejua embaire vizuri, mlipe afundishe Jumamosi mchana huku wewe ukisimamia, watoto sita kwa karo ya 100,000 kila mmoja. Utaona hesabu yake inavyokaa. Baadaye kundi hilo laweza kualikwa kwenye kwanjula, ile sherehe ya kutambulisha wachumba kwa wazazi, au harusi, na pesa ya mwaliko igawanywe kwa utaratibu uliowekwa mapema mbele ya wazazi.

Shule nazo zitakutafuta msimu wa mashindano ya muziki, ngoma na maigizo. Ni pesa nzuri inapolipwa. Shule moja, jina nitalimeza, nilifundisha kwaya yake miezi miwili, wakachukua kombe, wakapiga picha na gavana wa bodi, na pesa yangu nikaifuatilia mpaka nikachoka. Tangu siku hiyo naomba nusu mbele na nusu kabla ya siku ya mashindano. Baada ya kombe, hakuna anayekumbuka mwalimu.

Cheti kinakutesa bure, ingawa si bure kabisa. Wazazi wako 11 hawakukiuliza. Shule kubwa na wazazi wanaotaka mtoto afanye mitihani ya ABRSM, ile ya Uingereza yenye daraja 1 hadi 8, wao watauliza, na haki yao. Ningekushauri uanze na nadharia ya muziki hadi daraja la 5. Mitihani hiyo ya nadharia, kuanzia daraja la 1 hadi la 5, siku hizi hufanywa mtandaoni, na bila hiyo ya 5 au inayolingana nayo mtu hasajiliwi kwa vitendo vya daraja la 6 kwenda juu. Itakusaidia hata kama humpeleki mtoto yeyote kwenye mtihani, maana mwalimu anayejua kwa nini akodi fulani (noti zinazopigwa kwa pamoja) inafuata nyingine hafundishi kwa kukariri. Na vitabu vya mitihani nunua halisi. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2006 inavihusu, na mwalimu anayewauzia wazazi fotokopi hana uso wa kudai walipe kazi yake.

Tufike Desemba. Ukiuza nafasi kwa muhula, wanafunzi 11 wanakupa 2,420,000. Toa chumba 150,000, usafiri 120,000, kamba na karatasi na matengenezo 100,000, data na ada za simu 50,000. Jumla ya gharama ni 420,000, unabaki na milioni mbili kamili. Kwa mihula mitatu ni milioni sita, sawa na 500,000 kwa mwezi. Najua hapo moyo umeshaandika barua ya kuacha kazi. Ngoja. Wale watatu wa P.7 wanafanya mtihani wa kumaliza msingi Novemba, na mwaka mpya wanaingia S.1, mwaka wa kwanza wa sekondari, wengi wa namna yao bwenini. Wamebaki wanane. Wanane ni 1,760,000, toa gharama zilezile, gawa, na ghafla ni 335,000 kwa mwezi. Hii ndiyo mitego ya kazi yetu hapa Uganda: mtoto akianza kucheza vizuri, bweni linamchukua. Kila mwaka panda wadogo, P.2 na P.3, kwa idadi ya wakubwa unaowatarajia kuondoka. Wale walioondoka usiwafute kwenye daftari. Wanarudi likizo zote tatu, hawana la kufanya, na wazazi wanatafuta mahali pa kuwaweka. Kozi ya asubuhi ya wiki mbili, kwa makundi, ndiyo itakayokulisha katika miezi ambayo muhula umelala.

Na kuna swali ambalo ningetaka ulijibu kabla ya kuandika barua hiyo. Ukiacha shule unapata saa za asubuhi. Nani atazinunua? Watoto wako asubuhi wako darasani, tena huenda darasani kwako. Saa za jioni na Jumamosi unazo tayari: masomo mawili kila jioni kwa siku tano, sita Jumamosi, jumla 16. Kwa hiyo kufikia wanafunzi 16 hakuhitaji uache kazi. Kuacha kazi kunahitaji wateja wa asubuhi, nao wapo wa aina chache. Chekechea zinazotaka mwalimu wa muziki mara moja au mbili kwa wiki. Waliomaliza S.6, ambao hukaa nyumbani miezi mingi wakisubiri chuo na karibu wote wanataka gitaa. Watu wazima, wapiga vinanda wa makanisa hasa, ambao hawaendi bwenini ila huona aibu wakikosea mbele ya watoto, kwa hiyo wape saa yao peke yao. Ukiwa na 16 waliolipa kwa mihula miwili mfululizo, na angalau mteja wa asubuhi mwenye mkataba, na akiba ya miezi mitatu, hapo acha kazi kwa amani. Kumbuka pia kwamba mwajiri wako anapaswa kukuwekea NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 ya mshahara juu ya 5 yako. Ukijiajiri, hakuna wa kukuwekea. Unaweza kuendelea kuchangia kwa hiari, lakini mkono ni wako.

Makaratasi yasikutishe. Jina la biashara husajiliwa URSB, ofisi ya usajili, leseni ya biashara huulizwa kwa afisa biashara wa jiji la Jinja, namba ya mlipakodi hutolewa na mamlaka ya mapato, URA, bila malipo. Kwa viwango vya biashara ndogo vilivyowekwa 2020, mauzo yasiyozidi milioni 10 kwa mwaka hayadaiwi kitu. Wanafunzi 16 watakuvusha kidogo, 10,560,000. Asiye na hesabu hapo hulipa 80,000. Mwenye hesabu hulipa asilimia 0.4 ya kilichozidi milioni 10, yaani shilingi 2,240. Daftari lako tena. Ila sheria hiyohiyo inaziondoa huduma za kitaalamu katika utaratibu huo wa nafuu, kwa hiyo nenda mwenyewe ofisi ya URA uwaulize ualimu wako wanauweka wapi, na wakujibu kwa maandishi. Ukifika kusaini mkataba wa pango wa zaidi ya mwaka, au shule ikitaka usaini kwamba hutafundisha kwingine, mtafute wakili ausome kabla, hata kama ni wa saa moja tu.

Muhula huu uache uishe kwa bei yako ya zamani. Kubadilisha katikati kutaleta maneno. Zungumza na mchungaji mwezi huu. Wiki ya mwisho ya Novemba fanya onyesho dogo kanisani, kila mtoto wimbo mmoja, nusu saa isizidi, viti vya wazazi mbele. Karatasi za Februari ziwe zimeshachapwa, kalamu iko mezani karibu na mlango.